Al-Khwarizmi na Fungu la Binti

Bismillahir Rahmanir Rahim. Ndugu zetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, wamo kati yetu wadhanio kuwa aljebra ni elimu ya kigeni, isiyomhusu mwanafunzi wa dini. Na wayatazame maisha ya Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mwanachuoni huyu aliishi baina ya mwaka 780 na 850 hivi, Miladia. Nisba yake ni ya Khwarizm, Asia ya Kati, lakini kazi yake aliifanya Baghdad, katika Baytul Hikma, zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu 813 hata 833. Huko alitunga kitabu cha al-jabr wal-muqabala, ambacho ndicho kilichoipa elimu hii jina lake. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni hisabu za wasia na mirathi.

Hakuandika kwa alama kama wanafunzi wa leo. Aliandika kwa maneno, na kisichojulikana akakiita "kitu". Tuseme mwanamke amefariki, warithi wake ni mume, mwana mmoja na binti mmoja tu. Mume ana robo. Fungu la binti likiwa kitu kimoja, la nduguye ni vitu viwili. Vitu vitatu ni sawa na robo tatu. Basi kitu ni robo.

Mwaka 1637 Mfaransa René Descartes alichapisha kazi iliyounganisha aljebra na michoro. Kwa njia hiyo, mali yote ikiwa x, fungu la binti y, na deni la marehemu shilingi 40,000, lilipwalo kabla ya kurithi, twaandika:

y = ¼(x − 40,000), yaani y = ¼x − 10,000.

Mali ikiwa 40,000, binti hapati kitu. Ikiwa 80,000, hupata 10,000. Ziunge nukta hizo mbili, utapata mstari ulionyoka: kila mali izidipo shilingi 4, fungu lake huzidi shilingi 1. Agawaye kwa kukisia hutoka nje ya mstari huo, na atokaye nje amedhulumu.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliihesabu hisabu kuwa ni fardhi kifaya, kwa kuwa haina budi katika kugawa mirathi. Basi tuwafundishe wana wetu, na mabinti zaidi, maana ajuaye kuandika fungu lake si rahisi kupunjwa.

Wabillahi tawfiq.