Frank Nighbor: Nyota wa hoki ambaye thamani yake haikuonekana kwenye orodha ya mabao

Kwa wakazi wa Mweya, Kasese na Bwera, barafu ni kitu cha kutazamwa kwa mbali, kwenye vilele vya Rwenzori, siku mawingu yanapopisha. Nchini Canada, barafu ni uwanja wa michezo. Huko ndiko Frank Nighbor alikojijengea jina, na maisha yake yanaibua swali ambalo mashabiki wa soka wa magharibi mwa Uganda nao wanalifahamu: mchezaji anayeshambulia na kuzuia kwa kiwango kilekile apimwe kwa kipimo gani?

Nighbor alizaliwa mwaka 1893 katika mji mdogo wa Pembroke, jimbo la Ontario. Katika hoki ya barafuni, wachezaji huteleza kwa viatu vyenye vyuma chini ya soli, na badala ya mpira hupiga kwa magongo kisahani kigumu cha raba. Yeye alicheza katikati ya safu ya ushambuliaji, nafasi inayotarajiwa kuleta mabao.

Mabao aliyaleta. Mwaka 1915 alitwaa Kombe la Stanley akiwa na Vancouver Millionaires. Baadaye alihamia Ottawa, na msimu wa 1916-17 alifunga mabao 41 katika mechi 19, akilingana na Joe Malone kileleni mwa orodha ya wafungaji.

Hata hivyo, sifa yake kubwa ilikuwa kwingine. Mpinzani alipomkaribia, Nighbor hakuhitaji kumvamia wala kumwangusha. Alinyoosha gongo ghafla, akakidokoa kisahani, na shambulizi likageuka kuwa la Ottawa. Kazi hiyo ilikuwa na kasoro moja tu: haikuandikwa popote. Bao lilikuwa na mahali pake katika hesabu, lakini shambulizi lililozimwa kabla ya kumfikia kipa halikuwa na safu yake.

Uganda inalijua jambo hili. Jimmy Kirunda, beki aliyekuwa nahodha wa timu ya taifa iliyofika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1978, hukumbukwa sana kwa mabao 32 aliyofunga katika ligi mwaka huohuo akiwa na KCC. Mipira aliyoiokoa haina hesabu.

Kwa Nighbor, mizani ilijaribiwa mwaka 1924, ligi ya NHL ilipotoa kwa mara ya kwanza tuzo ya Hart, ya mchezaji mwenye manufaa zaidi kwa timu yake. Aliyeongoza kwa mabao msimu huo alikuwa mwenzake wa Ottawa, Cy Denneny, aliyefunga 22. Hata hivyo, Nighbor ndiye aliyeshinda, kwa kura 37 dhidi ya 36 za Sprague Cleghorn, beki wa Montreal aliyeogopwa kwa ukali wake. Kura moja tu ndiyo iliyoutenganisha utulivu na ubabe.

Mwaka uliofuata, Lady Byng, mke wa Gavana Mkuu wa Canada, alimwalika Nighbor katika makazi yao na kumkabidhi kikombe alichokitoa kwa ajili ya mchezaji hodari na mwungwana. Nighbor alikitwaa tena mwaka 1926. Akiwa naye, Ottawa ilinyakua Kombe la Stanley mara nne: 1920, 1921, 1923 na 1927.

Alistaafu kucheza mwaka 1930, akawa kocha, na mwaka 1947 akaingizwa katika Jumba la Heshima la hoki. Alifariki dunia mwaka 1966.

NHL ilianza kumtuza mshambuliaji hodari zaidi katika kuzuia msimu wa 1977-78. Kazi aliyoifanya Nighbor maisha yake yote uwanjani ilipata tuzo yake rasmi zaidi ya miaka 10 baada ya yeye kuzikwa.