Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyelijengea jina gari dogo la Kijapani

SANGE, Kivu Kusini – Kila mara kampuni ya Japani inapodokeza kwamba huenda ikarudisha gari lake dogo la michezo, mashabiki huanza kuhesabu siku. Suzuki iliacha kuunda Cappuccino mwaka 1998, na hadi leo wapo wanaomsubiri mrithi wake. Honda ilisimamisha S660 mwaka 2022. Mwaka uliofuata, Daihatsu ilipoonyesha Tokyo mfano wa Copen mpya, matumaini yaliwaka tena.

Kwa upande wetu wa Afrika, matumaini ya aina hiyo yana jina la zamani zaidi: Datsun. Na ni vigumu kuitaja Datsun bila kumtaja Shekhar Mehta, dereva aliyefariki miaka mingi iliyopita.

Msomaji wa Sange, mji ulio kwenye barabara ya kitaifa namba 5 kati ya Uvira na Bukavu, hahitaji kuelezwa barabara ngumu ni ipi. Vumbi la kiangazi na matope ya masika anayajua. Mehta alijipatia sifa kwenye barabara za namna hiyo, na gari lake pia.

Alizaliwa Uganda mwaka 1945, katika familia tajiri ya wenye mashamba yenye asili ya India. Alikuwa mtoto wa miaka saba mwaka 1953, mashindano ya magari yalipoanzishwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye yakajulikana kama East African Safari Rally.

Safari haikuwa mbio za uwanjani. Madereva walikwenda maelfu ya kilomita wakati wa Pasaka, mchana na usiku, kwenye barabara ambazo hazikufungwa. Walikutana na malori, ng'ombe, watembea kwa miguu na mito iliyofurika. Aliyechelewa kwenye kituo cha ukaguzi aliongezewa pointi za adhabu, na mwenye adhabu chache ndiye aliyeshinda. Kwa hiyo mwendo wa kasi peke yake haukutosha. Ilibidi gari lifike likiwa zima.

Mehta aliingia kwenye mashindano akiwa na miaka 21, akiendesha BMW. Wakati huo Wajapani walikuwa bado wanatafuta heshima katika soko la dunia. Datsun, jina ambalo kampuni ya Nissan ililitumia kuuza magari yake nje, ilipeleka magari yake Safari kwa makusudi: likistahimili huko, mnunuzi wa popote ataamini. Mwaka 1970 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyeishi Kenya, aliipa ushindi akiwa na Datsun 1600 SSS.

Kisha likaja gari ambalo mashabiki wanalipenda hadi leo. Datsun 240Z, lililozinduliwa mwaka 1969 na kuitwa Fairlady Z kwao Japani, lilikuwa na viti viwili, boneti ndefu na injini ya silinda sita ya lita 2.4. Uzito wake ulikuwa takriban kilo 1,000 tu. Mwaka 1971 Herrmann alishinda tena, safari hii akiwa ndani ya 240Z. Wa pili, naye akiwa na 240Z, alikuwa Mehta.

Mwaka uliofuata maisha yake yalipinduliwa na siasa. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Maelfu waliacha nyumba, maduka, viwanda na mashamba. Familia ya Mehta ilikimbilia Kenya. Katika bonde la Ruzizi, ambako vita vimewafukuza watu makwao zaidi ya mara moja, hakuna asiyejua uzito wa kuanza upya ugenini.

Miezi michache baadaye, Pasaka ya 1973, Mehta alikuwa tena nyuma ya usukani wa 240Z, na msoma ramani wake akiwa Lofty Drews. Huo ulikuwa mwaka wa kwanza wa Mashindano ya Dunia ya magari ya rali, na Safari ilikuwa sehemu yake. Mwishoni, Mehta na Harry Källström wa Sweden, ambaye pia aliendesha Datsun, walikuwa na pointi za adhabu sawasawa. Kanuni ya kuwatenganisha waliolingana ndiyo iliyompa Mehta ushindi. Mtu aliyepoteza nchi yake mwaka mmoja kabla alikuwa sasa bingwa wa mashindano makubwa kuliko yote katika Afrika Mashariki.

Ilimchukua miaka sita kushinda tena, lakini aliporudi kileleni hakushuka haraka. Akiwa na Mike Doughty, alichukua Safari mwaka 1979, 1980, 1981 na 1982. Gari lake halikuwa tena 240Z, bali Datsun Violet, gari la kawaida la familia lililoimarishwa kwa mashindano. Jumla ilikuwa ushindi mara tano. Mkenya Carl Tundo aliifikia idadi hiyo mwaka 2018, lakini ushindi wa miaka minne mfululizo umebaki wa Mehta.

Cha ajabu ni kwamba wakati Mehta akiipandisha Datsun juu, wenye Datsun walikuwa wanaizika. Mwaka 1981 Nissan ilitangaza kwamba itaacha kulitumia jina hilo. Ushindi wake wa 1982 ukaandikwa kwa jina la Nissan.

Mwaka 1987 alipata ajali mbaya sana katika mashindano ya Pharaohs nchini Misri. Alinusurika, lakini maisha yake ya udereva wa mashindano yakaishia hapo. Hakuuacha mchezo. Aliingia katika uongozi na baadaye akaongoza tume ya rali ya FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari. Alifariki London Aprili 2006, akiwa na umri wa miaka 60. Wakati huo Safari ilikuwa imeondolewa kwenye Mashindano ya Dunia tangu mwaka 2002. Ilirudi 2021, naye hayupo kuiona.

Jina la Datsun nalo lilijaribiwa kufufuliwa. Nissan ililirudisha katika muongo uliopita, likabandikwa kwenye magari ya bei nafuu yaliyouzwa India, Urusi, Indonesia na Afrika Kusini. Halikudumu. Mwaka 2022 lilisimamishwa tena. Mwaka huohuo Nissan ilitoa Z mpya, yenye umbo linalokumbusha 240Z. Mashabiki walishangilia, ila gari hilo lina uzito wa karibu kilo 1,600 na nguvu ya farasi 400. Wanaotaka lile dogo, jepesi, ambalo fundi wa kawaida angeweza kulifungua na kulifunga, bado wanasubiri.

Wengine wameamua kutosubiri. Tangu 2003, Kenya huandaa Safari ya magari ya zamani, na Datsun Z za enzi za Mehta zimekuwa zikionekana humo zikipiga vumbi lilelile.

Maisha ya Mehta yana somo kwa wanaosubiri kiwandani kutoke habari njema. Kampuni inaweza kurudisha jina kwa tangazo moja na umbo kwa mchoro mmoja. Sifa ya Datsun haikutoka kwenye tangazo. Ilitoka kwa dereva aliyeliendesha gari hilo usiku kucha kwenye matope na kulifikisha likiwa zima, tena na tena, hata mwaka ambao yeye mwenyewe hakuwa na kwao pa kurudi. Gari dogo la Kijapani likirudi kesho, wapenzi wake wa huku hawatauliza kwanza linakimbia kiasi gani. Watauliza kama litavuka kutoka Uvira hadi Bukavu mwezi wa nne.