Wangari Maathai, mugumo na mikaratusi ya kwetu

Wewe wa Keroka, Nyamira ama Ogembo, hebu shuka hadi kijito cha kwenu uhesabu mikaratusi. Iko mingi, sivyo? Inakua haraka, inauzwa kuni kwa viwanda vya chai, inalipa karo. Sasa nikupe habari za mama mmoja ambaye hakutaka kuiona karibu na maji.

Wangari Maathai alizaliwa 1940 kijijini Ihithe, Nyeri. Akitumwa kuni, mamake alimkanya asiguse mugumo wa karibu na kwao, wala kuokota vijiti vyake vikavu, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Kando yake kulikuwa na kijito. Yeye akiingia humo kujaribu kuokota mayai ya vyura, akitaka kuyavaa shingoni kama shanga!

Mwaka wa 1960 akaenda Marekani kusomea biolojia. Aliporudi, akapata mugumo umekatwa. Mwenye shamba mpya aliona unamjazia nafasi, akataka kupanda chai. Ndiyo, chai, hii hii inayotulisha Nyamira. Na kijito? Kilikauka.

Baadaye alielewa kwamba mizizi ya mugumo hupenya mwamba na kuyafungulia njia maji ya chini. Kumbe mwiko wa wazee haukuwa ushirikina. Mti ulikuwa na haki ya kusimama pale, na chura pia. Kwangu mimi, hapa pananigusa kuliko hata ile Nobel ya 2004.

Mengine unayajua: Green Belt Movement 1977, jumba la orofa 60 alilolipinga Uhuru Park 1989, kipigo cha Karura 1999.

Najua utauliza, na karo itoke wapi, na shamba lenyewe ni robo ekari? Swali la haki. Lakini Wangari hakukataza watu kukata miti. Alikataa tu mtu ajione peke yake pale mtoni. Maji ya vilima vya Kiabonyoru huingia Gucha na kwenda hadi Ziwa Victoria, kwa hivyo wanaoyangoja ni wengi, wenye miguu na wasio na miguu.

Alifariki Septemba 25, 2011. Alikuwa ameomba asizikwe kwa jeneza la mbao. Wakamtengenezea la mianzi, mafunjo na magugumaji.