Ian Fleming na Riwaya Aliyoikana

Ian Fleming alizaliwa London mwaka wa 1908. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alihudumu katika idara ya ujasusi ya jeshi la wanamaji la Uingereza, tajriba iliyomsaidia kumuumba jasusi James Bond katika riwaya ya Casino Royale (1953). Mnamo 1962 alithubutu kubadili mtindo. Katika The Spy Who Loved Me, msimulizi ni msichana, Vivienne Michel, naye Bond hajitokezi hadi zaidi ya nusu ya kitabu imepita. Wahakiki waliishambulia vikali. Fleming aliikana riwaya hiyo. Alipouza haki za filamu, aliruhusu anwani pekee itumiwe. Alifariki mwaka wa 1964, akiwa mateka wa mhusika wake.