Makhan Singh, Katibu wa Wafanya Kazi

Mfanya kazi wa Nairobi akinyimwa mshahara wake leo, au akifukuzwa bila ya taarifa, anajua kwamba liko baraza la kumsikiliza na kiko chama cha kumsemea. Kifungu cha 41 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa haki ya kupata ujira wa haki, haki ya kujiunga na chama, na haki ya kugoma. Vijana wengi huyaona mambo haya kama mvua inyeshayo yenyewe. Lakini wapo waliozilipia haki hizo kwa miaka ya umri wao, na mmoja wao ni Bwana Makhan Singh.

Alizaliwa mwaka 1913 katika kijiji cha Gharjakh, Punjab, akaletwa Kenya mwaka 1927 kumfuata baba yake, fundi aliyekuja kutafuta kazi na baadaye akawa na kiwanda kidogo cha kupiga chapa. Huko, katikati ya wino na karatasi, kijana huyo ndiko alikojifunza kazi, na tangu siku hizo hakutupa hata kijikaratasi kimoja.

Nchi aliyoikuta ilikuwa na sheria za kazi nyingi, ila zote zilielekea upande mmoja. Mtumishi wa Kiafrika aliyeacha kazi kabla ya mkataba wake kwisha hakudaiwa kama mdeni. Alishtakiwa kama mhalifu. Kipande alichovaa shingoni kilimweleza kila askari ametoka kwa bwana gani na alilipwa kiasi gani. Mishahara nayo ilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Mpango huo ulikuwa na werevu mwingi, maana fundi wa Kihindi alimwona mwenziwe wa Kiafrika kuwa ndiye mwenye kumshushia ujira, wala hakumtazama yule aliyewalipa wote wawili.

Mwaka 1935 Makhan Singh alichaguliwa kuwa katibu wa chama kidogo cha mafundi wa Kihindi. Neno kubwa alilolifanya kwanza ni kukibadili jina na kukifungua kwa wafanya kazi wa kila rangi na kila dini. Waafrika hawakumiminika mara moja, na haifai kusema uwongo juu ya jambo hilo. Kwa miaka kadhaa wanachama wengi walikuwa Wahindi. Lakini matangazo ya chama yalitoka kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo, na watu waliyasoma.

Mwaka 1936 chama kilidai kazi isizidi saa nane kwa siku, na matajiri wengi wakakubali. Tarehe 1 Aprili 1937 mafundi wa Nairobi wakagoma kudai nyongeza ya mshahara, wakasimama imara kwa siku 62. Walipata nyongeza ya baina ya asilimia 15 na 22, saa nane za kazi zikathibitishwa, na wote waliogoma wakarudishwa kazini. Sharti hili la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote, kwa kuwa nyongeza wanayoipata wengine baada ya wewe kufukuzwa haikufai kitu.

Mwaka huo huo Serikali ilitoa sheria ya kuandikisha vyama vya wafanya kazi. Makhan Singh aliisoma sheria hiyo kwa makini kuliko wengi waliopewa kazi ya kuitekeleza, akaandikisha chama chake. Alielewa kuwa daftari la msajili lina ncha mbili: aliyeandikwa ndani yake hulindwa, na aliyekataliwa huwa nje ya sheria.

Mwishoni mwa mwaka 1939 alikwenda India. Waingereza wakamkamata huko mwaka 1940 na kumweka kizuizini, kisha wakamfungia kijijini kwake. Aliporudi Kenya mwaka 1947 Serikali ilijaribu kumfukuza nchini, ikashindwa mahakamani. Tarehe 1 Mei 1949 yeye na Fred Kubai wakaanzisha shirikisho la vyama vya Afrika Mashariki, Kubai akiwa mwenyekiti na yeye katibu mkuu. Safari hii msajili akakataa kuliandika.

Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alitaka mkutano udai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Hazikupita wiki nne, tarehe 15 Mei, akakamatwa pamoja na Kubai kwa kosa la kuwa viongozi wa chama kisichoandikishwa. Basi mlango uliofungwa na Serikali ukawa ndio ushahidi wa kwamba wao wako nje! Wafanya kazi wa Nairobi waligoma kwa zaidi ya wiki, wakidai viongozi wao wafunguliwe na kima cha chini cha mshahara kiwe shilingi 100 kwa mwezi.

Shauri la kumzuia lilisikilizwa Nyeri na Jaji Thacker, yule yule aliyemhukumu Mzee Kenyatta huko Kapenguria. Makhan Singh alipelekwa Lokitaung, kisha Maralal, kisha Dol Dol, akakaa kizuizini zaidi ya miaka kumi na moja, hata akafunguliwa Oktoba 1961. Watoto wake walikua bila yeye.

Bendera ilipopandishwa mwaka 1963, hakupewa cheo chochote cha maana. Vyama vilikuwa na viongozi wapya, na siasa yake ya kikomunisti iliwatia hofu wakubwa wengi. Sisi watu wa vyama vya siasa hatuna la kujitetea hapo. Yeye hakulalamika hadharani. Aliketi akaandika historia ya vyama vya wafanya kazi wa Kenya, nayo ikachapishwa mwaka 1969.

Alifariki tarehe 18 Mei 1973. Sehemu ya pili ya historia yake ilitoka mwaka 1980. Zile karatasi alizozitunza tangu ujana, barua, kumbukumbu za mikutano na matangazo ya migomo, zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Nairobi.