Charles Tombeur: Jenerali aliyebeba jina la Tabora, na medali zilizogawanywa kwa rangi

Katikati ya jiji la Brussels, Ubelgiji, karibu na jengo la zamani la soko la hisa, kuna mtaa unaoitwa Tabora. Ndiyo, Tabora hii hii ya kwetu. Na katika eneo la Saint-Gilles, jiji hilo hilo, kuna mnara wa kumbukumbu wa mwanajeshi aliyefanya jina hilo lifike huko.

Anaitwa Charles Tombeur. Kwa watu wa Kasulu, Kibondo na Kigoma kwa jumla jina lake huenda ni geni, lakini maamuzi yake ya mwaka 1916 ni moja ya sababu za wao kuishi chini ya Wabelgiji kwa karibu miaka mitano. Pia yana mchango katika suala la mpaka wa Burundi ulipo leo.

Kutoka Liège hadi Katanga

Tombeur alizaliwa Liège, Mei 4, 1867. Alichagua jeshi kama kazi ya maisha, akasomea uofisa, kisha mwaka 1902 akaenda Kongo.

Kongo ya wakati huo haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold II, na jeshi lake, Force Publique, lilikuwa na maofisa Wazungu na askari Waafrika. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwabana wenyeji walete mpira na pembe za ndovu. Ukatili wake ulizua kelele duniani hadi mwaka 1908, serikali ya Ubelgiji ilipoichukua Kongo kutoka kwa mfalme.

Tombeur alipanda ngazi ndani ya mfumo huo. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 alikuwa miongoni mwa viongozi wakubwa wa utawala huko Katanga.

Vita vyafika Ziwa Tanganyika

Mwanzoni Ubelgiji ilitaka Kongo isiingie vitani. Mpango huo haukudumu. Agosti 22, 1914, meli ya Wajerumani iitwayo Hedwig von Wissmann ilishambulia upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, pale Lukuga. Mwezi uliofuata Wajerumani wakachukua kisiwa cha Idjwi kwenye Ziwa Kivu.

Huko Ulaya hali ilikuwa mbaya zaidi. Karibu Ubelgiji yote ilikuwa imekaliwa na Wajerumani, na serikali yake ilikuwa imehamia Ufaransa. Viongozi wake walitaka ushindi mahali popote, na ardhi ya Mjerumani mkononi, ili siku ya mazungumzo ya amani wasikae mezani mikono mitupu.

Mtu waliyempa kazi hiyo ni Tombeur. Mwaka 1915 alikabidhiwa majeshi yote ya mpaka wa mashariki. Akatumia miezi mingi kukusanya bunduki, mizinga, chakula na, zaidi ya vyote, watu wa kubeba.

Safari iliyopita Buha

Aprili 1916 majeshi yake yalianza kusonga mbele yakiwa na brigedi mbili. Ya kaskazini iliongozwa na Philippe Molitor. Ya kusini ilikuwa chini ya Frederik-Valdemar Olsen, raia wa Denmark aliyekuwa amelitumikia jeshi la Kongo kwa miaka mingi.

Mwendo wao haukuwa wa mchezo. Kigali ilichukuliwa Mei 6, Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, Juni 6, na Kitega Juni 17. Wajerumani walikuwa wachache upande huo, kwa sababu kamanda wao mkuu, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa amebanwa na Jenerali Smuts wa upande wa Waingereza kule kaskazini mashariki. Walipigana huku wakirudi nyuma.

Kutoka Kitega, shabaha ya Olsen ilikuwa reli ya kati, iliyokuwa imefika Kigoma miaka miwili tu kabla. Ukiangalia ramani utaona kwamba kati ya Burundi na reli hiyo iko Buha, nchi ya Waha. Ni ardhi ya miinuko, mito na mabonde, iliyokuwa na watawala wake, mamwami wa Heru upande wa Kasulu na wa Muhambwe upande wa Kibondo.

Barabara za magari hazikuwepo. Kila risasi na kila kilo ya unga ilipita juu ya kichwa cha mtu.

Julai 28, 1916 Kigoma ikaanguka, na Ujiji ikafuata. Kabla ya kuondoka, Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao kubwa, Graf von Götzen, isije ikatumiwa na adui. Ndiyo meli ambayo Waingereza waliiopoa miaka ya 1920, na leo tunaijua kama MV Liemba.

Brigedi ya Olsen ikageuka mashariki na kuifuata reli, huku ya Molitor ikishuka kutoka kaskazini. Mapigano ya Usoke, Lulanguru na Itaga mwezi Septemba yalikuwa makali. Hatimaye Jenerali Kurt Wahle, Mjerumani aliyekuwa akiilinda Tabora, akajitoa na watu wake kuelekea kusini mashariki. Septemba 19, 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora. Kikosi cha Waingereza, nacho kilichokuwa kikiukimbilia mji huo, kilikuwa bado njiani.

Sifa zikagawanywa

Kwa nchi iliyokuwa imekaliwa na adui, habari ya Tabora ilikuwa kubwa. Tombeur alishapanda cheo hadi jenerali. Baada ya vita alipewa hadhi ya ubaroni, na jina la Tabora likaungwa kwenye jina la ukoo wake: Tombeur de Tabora.

Kinachoshangaza ni kwamba Ubelgiji haikukaa sana na mji huo. Mwanzoni mwa mwaka 1917, miezi mitano tu baada ya ushindi, Tabora ilikabidhiwa kwa Waingereza. Uongozi wa jeshi nao ukaenda kwa Armand Huyghé, ambaye vikosi vyake viliingia Mahenge Oktoba 1917.

Mwaka huo huo wa 1917 Ubelgiji ilianzisha medali ya kumbukumbu kwa waliopigana kampeni za Afrika. Medali ilikuwa moja, ila ikatengenezwa kwa madini mawili. Wazungu walipewa ya fedha. Waafrika walipewa ya shaba.

Kilichoamua nani apate ipi hakikuwa ushujaa. Karani Mzungu aliyekaa nyuma ya mstari wa mapigano alistahili fedha. Askari Mkongo aliyepanda mlima Itaga chini ya risasi alistahili shaba.

Wasiopata hata shaba

Askari angalau walihesabiwa kuwa wapiganaji. Wapagazi je?

Inakadiriwa kuwa Wabelgiji walitumia wapagazi wapatao 260,000 katika vita vyao vya Afrika. Wengi walitoka Kongo, wengine waliletwa kutoka Uganda kwa msaada wa Waingereza, na wengine walichukuliwa vijijini kadiri jeshi lilivyosonga. Walikufa kwa njaa, kuhara, nimonia na uchovu. Mtu aliyezoea joto la bonde la Kongo alijikuta analala nje kwenye baridi ya milimani bila blanketi la maana.

Vijiji vilivyopitiwa navyo viliumia. Jeshi lilikula ng'ombe, mtama na maharage ya wenyeji, na vijana wa kulima walikuwa wamebeba mizigo. Kaskazini magharibi mwa Rwanda, kuchukuliwa kwa chakula na nguvu kazi kulichangia njaa kubwa inayokumbukwa kwa jina la Rumanura, kati ya mwaka 1916 na 1918.

Mpaka uliobaki

Tabora ilirudishwa, lakini Kigoma na Buha zilibaki mikononi mwa Wabelgiji. Wakazi wa Kasulu na Kibondo ambao jana walikuwa wakimtii Mjerumani, wakaanza kumtii Mbelgiji.

Lengo la Brussels halikuwa kukaa milele. Walitaka kuitumia ardhi hiyo kama kitu cha kubadilishana. Mei 1919, Pierre Orts wa Ubelgiji na Lord Milner wa Uingereza walifikia makubaliano: Rwanda na Burundi zibaki kwa Mbelgiji, Kigoma na Buha ziende kwa Mwingereza. Makabidhiano yakafanyika mwaka 1921. Wabelgiji wakabakiziwa maeneo ya kupitishia mizigo kwenye bandari za Kigoma na Dar es Salaam.

Hivyo ndivyo Waha wakajikuta ndani ya Tanganyika, na majirani zao Warundi, ambao lugha yao inaelewana vizuri na Kiha, wakajikuta koloni jingine. Hakuna mwami aliyeitwa kwenye mazungumzo hayo. Miaka mingi baadaye, Warundi waliokimbia vita walipouvuka mpaka huo na kufika Nyarugusu, Kasulu, au Nduta, Kibondo, waliandikishwa kama wakimbizi wa nchi nyingine.

Mwisho wa maisha yake

Tombeur alirudi kwenye utawala wa Katanga kabla ya kustaafu na kuishi Ubelgiji. Alifariki Brussels, Desemba 2, 1947, akiwa na miaka 80. Wakati huo Ubelgiji ilikuwa imetoka tu kukaliwa na Wajerumani kwa mara ya pili.

Kama ofisa wa jeshi, kazi aliyopewa aliimaliza. Aliongoza maelfu ya watu kwenye nchi isiyo na barabara na kufika alikotumwa ndani ya miezi mitano. Heshima aliyopata kwao inaeleweka.

Ila kila mzigo uliomfikisha Tabora ulikuwa na kichwa cha mtu chini yake. Zaidi ya miaka 100 imepita, na wajukuu na vitukuu wa watu hao bado wapo Kongo, Uganda, Burundi na kwenye vilima vya Kigoma. Wazee wenye simulizi za mababu zao wanazidi kupungua. Kama kwenu yupo, huu ni wakati wa kumuuliza na kurekodi kwenye simu.