Walker Evans: Mzee na Kamera Yake

Kuna kazi za ujana na kuna kazi za uzee. Kupiga picha wengi hukuhesabu kuwa ni kazi ya kijana, mwenye miguu ya kukimbilia tukio na mabega ya kubebea mizigo. Lakini yuko Mmarekani mmoja, Walker Evans, aliyefariki mwaka 1975, ambaye alipiga picha kwa wingi wa ajabu wakati nguvu zimekwisha kumwacha. Leo napenda niwasimulie wasomaji wangu habari zake, kwani zina mafunzo kwetu sisi ambao miaka iliyopita imekwisha kuwa mingi kuliko iliyosalia.

Evans alizaliwa tarehe 3 Novemba 1903 katika mji wa St. Louis. Baba yake alikuwa mtu wa matangazo ya biashara. Yeye mwenyewe alitaka kuwa mwandishi. Alisoma chuoni mwaka mmoja tu akaacha, na mwaka 1926 akasafiri hadi Paris kuifuata fasihi ya Wafaransa. Huko alimpenda mno Flaubert, mtunzi wa hadithi aliyejificha nyuma ya maneno yake hata msomaji asimwone. Uandishi ulimshinda, akarudi New York, akashika kamera. Hata hivyo, mafunzo ya Flaubert hakuyatupa. Katika picha zake mpigaji haonekani. Waona kitu chenyewe, basi. Sisi watunzi wa mashairi twaijua taabu hiyo. Kuupamba ubeti ni rahisi. Kuuacha useme wenyewe ndiyo kazi.

Mwaka 1935 serikali ya Marekani ilimwajiri. Uchumi wa nchi ulikuwa umeanguka, wakulima wamefukarika, na idara moja ya serikali ikatuma wapiga picha waonyeshe hali ilivyo. Evans akaingia garini, akapita West Virginia, Pennsylvania na majimbo ya kusini. Alichukua kamera kubwa ya sanduku, ya kusimamishwa juu ya miguu mitatu, ambayo kila filamu yake ilikuwa inchi 8 kwa 10. Mtu angedhani kwamba katika safari ndefu kama hiyo angepiga milima, mito na jua likitua. Evans hakushughulika nayo sana. Alisimamisha gari penye duka la kinyozi, penye kanisa la mbao, penye tangazo lililochakaa ukutani. Vitu ambavyo wasafiri wengine walivipita bila kuvitazama, yeye alivishukia.

Kiangazi cha mwaka 1936 alikwenda Hale County, katika jimbo la Alabama, pamoja na mwandishi James Agee. Walitumwa na jarida la Fortune kuandika habari za wakulima wa pamba waliolima mashamba ya watu kwa kugawana mavuno. Walikaa na jamaa tatu. Jarida halikuichapisha kazi yao. Mwaka 1941 ilitoka kuwa kitabu, na wanunuzi wakawa wachache mno. Kilipochapishwa tena mwaka 1960 ndipo watu wengi walipokisoma.

Baadhi ya jamaa za wakulima wale walikuja kulalamika kwamba ufukara wao umeanikwa mbele ya ulimwengu. Mimi naliona lalamiko hilo kuwa la haki. Sisi tuliolelewa kwa adabu ya kupiga hodi na kutochungulia nyumba ya jirani twalielewa upesi. Lakini nikizitazama picha zenyewe naona jambo jingine pia. Evans hakuwapiga wakulima wale wakilia wala wakinyosha mkono. Wamesimama wima, wanamtazama anayewatazama. Na jikoni mwao alipiga vijiko na uma zilizochomekwa kwenye ubao wa ukuta, kwa taadhima ile ile ambayo wengine huwawekea wafalme vyombo vyao vya fedha.

Mwaka 1938 jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York lilimfanyia maonyesho.  Mwaka huo huo alianza kushuka katika treni za chini ya ardhi akiwa ameficha kamera ndani ya koti, akiwapiga abiria wasijue. Kazi hiyo iliendelea hadi 1941. Naona hapo alivuka mpaka, na nadhani naye alihisi hivyo, kwa maana picha zile alizizuia zisitoke katika kitabu mpaka mwaka 1966, baada ya robo karne.

Tangu 1945 hadi 1965 alikuwa mfanyakazi wa jarida lile lile la Fortune. Mwaka 1950 lilichapisha picha alizozipiga kupitia dirisha la treni. Mwaka 1955 likachapisha picha zake za zana za fundi: koleo, spana, mwiko wa mwashi, kila kimoja peke yake, kama kito cha sonara. Kisha akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Yale.

Sasa tufike uzeeni. Mwaka 1973 Evans alikuwa anakaribia miaka 70. Afya yake ilikuwa dhaifu, na ile kamera ya sanduku haikuwa tena ya kubebwa na mtu wa hali yake. Ndipo alipopata kamera ndogo ya Polaroid, aina ya SX-70, iliyokuwa mpya wakati huo. Ukibonyeza, picha ya rangi hutoka yenyewe na kujitokeza mbele ya macho yako kwa dakika chache. Kwa miaka mingi Evans alikuwa ameidharau picha ya rangi, akiiona haina adabu. Sasa aliipokea. Watengenezaji walimpa filamu kadiri atakayo, na kwa muda wa miezi 14 hivi alipiga picha zaidi ya 2,600.

Alikuja kuamini kwamba mtu asiishike kamera ya namna hiyo mpaka avuke miaka sitini. Hoja yake ni nzito. Chombo kikiifanya kazi yote, mtu hubakiwa na jicho tu, na jicho halifunzwi kwa siku moja.

Alipiga nini? Nyuso za marafiki na wanafunzi wake. Nyumba zilizoachwa. Mishale iliyopakwa rangi barabarani. Na zaidi ya yote, herufi za mabango ya njiani, moja moja, kwa karibu sana, hata neno likapotea ikabaki sura ya herufi. Hili sisi tuliosoma chuoni kwa ubao hatulioni geni. Alifu tuliijua kwa kimo chake na bee kwa nukta yake kabla ya kujua kusoma hata neno moja. Mzee huyu alirudi kwenye darasa lile la kwanza, la kuzitazama herufi kabla ya kuzisoma.

Mabango yenyewe aliyapenda hata akawa anayang'oa njiani na kuyapeleka nyumbani, tabia ambayo simshauri mtu! Mwaka 1971 huko Yale yalitundikwa katika maonyesho pamoja na picha zake. Alifariki tarehe 10 Aprili 1975 katika mji wa New Haven. Hazina ya kazi zake iliingia katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, mwaka 1994.

Siku hizi karibu kila mtu ana kamera ndani ya simu, nasi wazee wa pwani tunazo. Majina yaliyoandikwa kwa mkono kwenye mashua, vibao vya maduka ya zamani, baraza iliyomomonyoka kwa kukaliwa na vizazi: hivi vyote vinaondoka. Mzee aliyevizoea ndiye anayejua kipi hakitarudi. Basi na avipige. Na akitaka kuupiga uso wa mtu, kwanza aombe ruhusa.